Picha ya Thelathini na Sita

Tulitoka Coyhaique alfajiri, mimi na kaka yangu Nolberto,
gari la kukopa, kioo cha kushoto kimeshikizwa kwa utepe,
na kamera ya marehemu baba mapajani mwangu,
nimeizungushia sweta kama mtoto mwenye mafua.
Mkanda mmoja. Picha thelathini na sita.
"Zitumie kama chumvi ya mwisho wa mwezi," alisema Nolberto.
Sikumsikia.

Ningemsikia vipi?
Kila kona ilitema mto.
Wa kwanza kijani, wa pili mweupe kama maji ya kuoshea mchele,
wa tatu ni Baker wenyewe, feruzi iliyoyeyuka,
unakwenda kwa kishindo cha mtu aliyechelewa mazishi.
Simama, nikasema. Akasimama.
Rudi nyuma kidogo. Akarudi, akisonya.
Nilipiga maporomoko. Nilipiga povu.
Nilipiga jiwe moja lililogoma katikati ya mkondo,
maji yakilizunguka kwa matusi, lenyewe kimya.
Nilipiga msitu wa lenga ulioanza kuwiva wekundu,
na manyunyu yakiuchuja mwanga
hadi ukawa kitu cha kunywa.
Kitufe kilipoganda kwa baridi
nilikipulizia pumzi, kikakubali.

Siku ya tatu bonde likafunguka.
Vigogo vyeupe, maelfu, bila jani wala gome,
vingine wima, vingine vimelaliana mteremkoni,
na nyuma yao mto, na nyuma ya mto theluji.
Mwanga ulikuwa mzuri.
Nasema kweli yangu: nilifurahi.
Nilipiga picha kumi na moja bila kupumzika.

Kwenye lango la mbao alisimama mtu akiuza jibini,
Rosamel, wa makamo, kofia ya sufu,
mbwa wake Waziri kamlalia viatu.
"Pazuri, eh?"
"Pazuri mno."
"Babu yangu ndiye aliyepawasha."
Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei.

"Serikali ilisema ardhi ni ya atakayeisafisha.
Kiberiti kilikuwa rahisi kuliko shoka.
Bibi alisimulia kwamba mvua ya kwanza ilinyesha masizi,
lakini moto ulishaingia chini, mizizini,
ukala polepole mpaka kiangazi cha pili,
nao wakilala na viatu miguuni."
"Hati aliipata?" Nolberto akauliza.
"Hekta mia sita," akasema Rosamel. "Na upepo."

Akatukatia jibini. Tukala kwa kisu chake.
"Zimebaki ngapi humo?"
"Moja."
Hiyo moja nilikuwa nimeuwekea mto,
pale darajani mbele, ambapo maji mawili hukutana
yakakataa kuchanganyika.
"Basi mpige Waziri. Hatavuka baridi hii."

Kilomita mia tatu za vumbi kwa ajili ya mbwa!
Nilimtazama Nolberto; alikuwa anatazama jibini.
Nikapiga goti kwenye changarawe.
Waziri akakaa kiungwana, kifua mbele, kama anayesubiri wimbo wa taifa,
na kidole changu kilipobonyeza
akaona sungura.

Wiki mbili baadaye nilizichukua dukani.
Zile kumi na moja ni nzuri. Ni nzuri mno.
Zimo ndani ya bahasha, na bahasha imo ndani ya droo,
sijapata ukuta wa kuzitundika.

Ya thelathini na sita ina mkia.
Mkia tu, umefifia, unatoka kwenye picha kwa haraka,
na lenzi iliyomkosa mbwa ikashika kilichokuwa nyuma:
mto, kila wimbi na ukali wake,
na kati ya vigogo viwili kitu cha kijani, kimo cha nyonga.
Nolberto anasema ni mche wa lenga.
Mimi nasema ni alama ya kidole cha mwenye duka.
Tunabishana hadi leo.

Nakala nilimpelekea Rosamel kwa posta.
Kadi yake ilichukua mwezi mzima kufika.
Mstari mmoja, wino wa bluu:
*Mkia ni wake kabisa. Asante.*